Sura ya Tano: Ujuzi Unaozeeka na Ujuzi Usiozeeka

Mwaka 1998, nikiwa mwanafunzi wa ufundi Kariakoo, mama mmoja kutoka Ilala alituletea televisheni ya chogo ya inchi 21, imebebwa na mkokoteni, imefunikwa khanga. Akasema, "Fundi, hii inatuonyesha taarifa ya habari kidogo, halafu inazima. Ikipoa inawaka tena. Nimeshazunguka nayo kwa mafundi wawili."

Fundi wa kwanza alikuwa amebadilisha flaibaki, ile transfoma inayozalisha umeme mkubwa wa tyubu ya picha. Wa pili alibadilisha transista inayoiendesha. Vipuri vyote viwili vilikuwa vipya, vinang'aa, na ubovu ulikuwa palepale. Nikachukua pasi ya kuchomea. Mwalimu wangu akaninyang'anya. "Weka chini. Iwashe, kaa mbele yake, tazama saa."

Nikakaa. Dakika ya ishirini na mbili, picha ikasinyaa na kuzima. Mwalimu akaweka mkono wake wa kushoto mfukoni, kama alivyotufundisha wote, ili umeme ukikupata usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Ndani ya televisheni zile, waya wa tyubu ulibeba volti zinazokaribia 25,000. Kwa mkono wa kulia akashika kijiti cha mwanzi mkavu, akaanza kugongagonga bodi taratibu, kuanzia pembeni kuingia katikati, huku macho yake yakiwa kwenye kioo. Alipofika kwenye transfoma ndogo iliyo nyuma ya ile transista, picha ikaruka na kurudi. Akagonga tena, ikapotea. Akagonga, ikarudi.

Tukazima, tukachomoa, tukamwaga umeme uliobaki kwenye kapasita, tukageuza bodi. Akanipa kioo cha kukuzia. Kuzunguka mguu mmoja wa ile transfoma, risasi ilikuwa imepasuka kwa ufa wa duara, mwembamba kuliko unywele. Bodi ikipata joto ufa ulifunguka na umeme ukakatika. Ikipoa, mguu uliigusa tena risasi na kila kitu kikaonekana kizima. Mwalimu akafuta risasi ya zamani, akaweka mpya, kiasi cha punje ya mtama. Tukaiwasha saa nne mfululizo. Haikuzima.

Jioni mama aliporudi akauliza tulibadilisha nini. Mwalimu akamwambia hatukubadilisha kitu. Akataka shilingi elfu nane. "Elfu nane, fundi? Na hamkuweka hata kipuri?" Mwalimu akamwonyesha flaibaki na transista mpya zilizokuwa zimeshafungwa. "Wenzangu walikuuzia vipuri, mama. Mimi sina kipuri cha kukuuzia. Nimekutafutia ubovu." Mama akalipa elfu tano, akaondoka na televisheni yake akiwa na furaha ya picha na kinyongo cha bei.

Raha na uchungu wa kazi ya elektroniki nilivikuta vyote siku ile. Raha ni ule wakati picha iliporuka kwa kuguswa na kijiti. Uchungu ni kwamba tulichokifanya hakikuonekana, na kisichoonekana ni kigumu kulipwa. Miaka mingi imepita na vifaa vimebadilika vyote, lakini sijaona siku ambayo viwili hivi vimeachana. Kijana anayefikiria kuingia katika kazi hii, awe anakwenda chuo cha ufundi stadi cha VETA, chuo kikuu au kibandani kama mimi, anastahili kuambiwa habari zote mbili kabla hajanunua mita yake ya kwanza.

Kifaa kinapokufa na ujuzi wake

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Kwa mfinyanzi na muunda majahazi ni kweli. Katika elektroniki ujuzi huzeeka, na huzeeka upesi kuliko mwenye nao.

Mwishoni mwa mwaka 1947, katika maabara za Bell huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walitengeneza transista ya kwanza, katika kundi lililoongozwa na William Shockley. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Mwaka 1954 redio ya mfukoni, Regency TR-1, ilikuwa tayari sokoni ikiwa na transista nne. Kabla yake redio ilikuwa kabati lenye vali, zile taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, na fundi aliijua vali iliyochoka kwa kuitazama na kuigusa. Transista haiwaki wala haichoki kwa namna ya kuonekana. Maelfu ya mafundi wa vali duniani walilazimika kuanza upya, na si wote walioweza.

Mwaka 1958 Jack Kilby wa Texas Instruments aliunganisha vipengele vya saketi katika kipande kimoja cha kitu kile kile kinachotengenezea transista. Hapo ndipo aisii ilipozaliwa, yule mdudu mweusi mwenye miguu mingi tunayemjua leo. Kwa mhandisi ilikuwa neema. Kwa fundi ilikuwa mlango unaofungwa, kwa sababu kitu ambacho jana aliweza kukipima kipande kwa kipande kimefungiwa ndani ya plastiki. Kichakataji cha simu ya leo kina transista kwa mabilioni, na hakuna hata moja ambayo kidole chako kitaigusa.

Huku kwetu hadithi ilikuja kwa mwendo wake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Mimi niliingia kibandani katika miaka hiyo, wakati kila mtaa una banda la video na kila banda lina deki inayokula kanda. Nilijua kusafisha vichwa vya deki kwa kitambaa na spiriti, nilijua mkanda wa mpira uliolegea kwa kusikiliza tu muungurumo wake. Watu waliniita kwa jina la kazi hiyo. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, sidii ziliizika deki, na jina langu likazikwa nayo.

Nikahamia kwenye televisheni moja kwa moja. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, watu wakanunua ving'amuzi. Ving'amuzi viliziongezea televisheni za chogo siku za kuishi, lakini bapa zilikuwa zimeshaingia madukani na bei yake ikishuka mwaka hadi mwaka. Kabatini kwangu nilikuwa nimeweka akiba ya flaibaki arobaini, nimezinunua kidogo kidogo kwa faida ya miaka, nikidhani ni urithi. Mwishowe niliziuza kwa kilo, kwa mnunuzi wa shaba.

Sisemi haya ili nikukatishe tamaa. Nataka uelewe kwamba kazi hii itakuvua ulichonacho mara tatu au nne katika maisha, na hutaulizwa kama uko tayari.

Hesabu ya mteja

Uchungu wa pili ni wa fedha. Chukua televisheni bapa yenye sauti lakini kioo ni cheusi. Zima taa za chumba, weka tochi karibu na kioo, utaona picha ipo, hafifu kama kivuli ndani ya maji. Maana yake bodi ni nzima na paneli ni nzima. Kilichokufa ni taa ndogo za LED zilizopangwa nyuma ya kioo, na mara nyingi imekufa moja tu, ikawaangusha wenzake waliofungwa naye katika mstari mmoja. Kuzifikia lazima ukiondoe kioo chembamba, chepesi kuvunjika kama sahani ya udongo, ukiweke pembeni bila kukipinda, utoe karatasi za kusambaza mwanga moja moja bila alama ya kidole. Kazi ya nusu siku. Kioo kikipasuka mikononi mwako, televisheni ni yako na deni ni lako.

Sasa mteja anapiga hesabu yake. Akijumlisha taa mpya na ujira wako, anaona ameikaribia bei ya kununua nyingine. Hana kosa. Bidhaa imetengenezwa kwa maelfu kiwandani China, kila moja kwa dakika chache, wakati wewe unaitengeneza moja kwa mikono. Ndiyo maana vifaa vingi hutupwa vikiwa na ubovu mdogo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilihesabu tani milioni 62 za taka za elektroniki duniani katika mwaka 2022 peke yake, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kila nikiisoma takwimu hiyo nawaza ni vifaa vingapi katika marundo hayo vina ufa mmoja tu wa duara chini ya mguu mmoja.

Waliosoma zaidi yangu nao wana uchungu wao. Chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, ambacho leo ni DIT, kimekuwa kikifundisha tangu 1957, na vyuo vya Kenya, Uganda na Rwanda vinatoa wahandisi wa elektroniki kila mwaka. Kijana anakaa darasani miaka minne akichora vikuza sauti na kukokotoa vichujio, akiwaza siku atakayobuni kifaa chenye jina lake. Anatoka, anakuta kazi iliyopo ni kuuza vifaa vilivyobuniwa kwingine, au kupanda minara ya simu kubadilisha kadi kwa kufuata maelekezo. Mshahara unaweza kuwa mzuri. Kinachomuuma ni kwamba kile alichojifunza kwa mapenzi hakuna anayekiuliza. Redio na betri za National ziliwahi kutengenezwa hapahapa Dar es Salaam. Kiwanda kikiwepo, mhandisi ana mahali pa kubuni. Kikiondoka, anabaki na cheti.

Hata hivyo mlango wa kubuni haujafungwa wote. Bodi ya Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005, na Raspberry Pi ya Uingereza, iliyotoka 2012, zimempa kijana wa Mbeya au Kisumu nafasi ya kujaribu wazo lake kwa fedha ya kibarua cha wiki chache, badala ya kusubiri maabara ya chuo. Mwaka 2013 Nairobi ilitangaza BRCK, kisanduku cha intaneti kilichobuniwa na watu wanaojua umeme unavyokatika, nacho kikapewa betri ya kukihimili saa nane. Kifaa kile kilizaliwa kutokana na kero ya hapahapa, na wabunifu wake waliijua kwa kuishi nayo. Hilo ndilo soko ambalo kiwanda cha mbali hakiwezi kulijua kabla yetu.

Mitungi miwili inayopumua

Miaka michache iliyopita niliitwa katika hospitali moja ya wilaya. Walikuwa wamesikia kwamba natengeneza jokofu na inveta. Wakanipeleka stoo, wakanionyesha mashine tano za kuzalisha oksijeni, zimepangwa ukutani, kila moja imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: MBOVU. Nilikuwa sijawahi kufungua mashine ya namna ile. Mchoro wa saketi haukuwepo.

Nikafanya nilichofundishwa. Sikushika pasi. Niliomba muuguzi anieleze kila moja ilianzaje kuumwa, kisha nikaiwasha ya kwanza, nikakaa mbele yake.

Mashine ile huvuta hewa ya kawaida, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 hivi, ikaisukuma kwa kompresa kwenye mitungi miwili iliyojaa chembe za zeolaiti. Zeolaiti hukamata naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Mtungi mmoja ukishiba naitrojeni, vali hugeuza njia. Wa pili unaanza kazi na wa kwanza unatema ulichokamata. Inaendelea hivyo kila baada ya sekunde chache, kama mtu anayepumua kwa matundu mawili ya pua kwa zamu, na hewa inayotoka hufikia oksijeni ya asilimia 90 na ushei.

Mashine nzima husikika ikipumua: pshh upande huu, pshh upande ule. Ile ya kwanza ilipumua upande mmoja tu. Nikafuata vali ya upande uliokuwa kimya, nikapima koili yake kwa mita. Umeme ulifika kwenye plagi lakini haukupita. Waya mmoja, mwembamba, ulikuwa umekatika pale unapoingia kwenye koili, kwa mtikisiko wa miaka. Niliuchomelea. Pumzi ya pili ikarudi.

Tatu kati ya zilizobaki zilikuwa zimezibwa vumbi kwenye vichujio, hata kompresa ikawa inapata joto na kujizima. Ya tano kompresa yake ilikuwa imekufa kabisa, nikaiweka iwe akiba ya vipuri. Muuguzi alileta kipimo cha oksijeni, tukapima moja moja. Nne zilifika 90 na kupita. Siku ile jioni, kabla sijapata basi la kurudi, mojawapo ilikuwa wodini, pembeni ya kitanda cha mtoto mwenye nimonia. Nilisimama mlangoni nikaisikiliza: pshh, pshh. Hakuna malipo niliyowahi kupokea katika maisha yangu yanayolingana na sauti ile.

Njiani nikawaza jambo ambalo lilinichukua miaka zaidi ya ishirini kulielewa. Kila nilichojua kuhusu deki kilikuwa kimekufa. Nilichojua kuhusu flaibaki kilikuwa kimeuzwa kwa kilo. Lakini kilichoziamsha mashine zile nne ni kile kile kilichomsaidia yule mama wa Ilala: kusubiri ubovu ujitokeze wenyewe, kusikiliza, kuuliza ulianzaje, kuigawa mashine katikati na kuuliza tatizo liko nusu ipi, kutobadilisha kitu kabla hujathibitisha. Wahenga hawakukosea. Ila katika kazi yetu kuna ujuzi wa aina mbili. Ujuzi wa kifaa huzeeka pamoja na kifaa. Ujuzi wa kutafuta ubovu hauna umri.

Kabla hujaingia

Anayeingia leo nina machache ya kumwambia.

La kwanza ni mita. Nunua mita nzuri kabla ya pasi nzuri. Pasi inakuonyesha unafanya kazi, lakini mita ndiyo inayokuambia ufanye nini.

La pili ni bei ya kutafuta. Mwambie mteja mapema, kabla hujafungua skrubu ya kwanza, kwamba uchunguzi una ada yake, hata kama kifaa hakitatengenezeka. Mwalimu wangu hakuwahi kufanya hivyo, na kila jioni alibishana. Fundi asiyelipwa kwa kufikiri hulazimika kuuza vipuri ambavyo havihitajiki, na hapo ndipo uaminifu wa mafundi wengi ulipovunjikia.

La tatu ni mwili wako. Risasi ya kuchomelea ya kawaida ina madini ya risasi yenyewe, ambayo ni sumu. Nawa mikono kabla ya kula, fanya kazi penye hewa, kaa mbali na moshi. Kapasita ya maikrowevu inaweza kuua hata baada ya kifaa kuchomolewa. Imwage umeme wake kabla hujaingiza mkono. Macho nayo yachunge. Bodi za simu zimekuwa ndogo mno, na fundi wa simu asiyetumia hadubini ataijua thamani ya macho akiwa na miaka arobaini.

La nne ni daftari. Andika kila ubovu uliouona: kifaa, dalili, ulichodhani, ulichokikuta. Usisahau kuandika ulichodhani kimakosa, kwa maana hapo ndipo utajifunza namna akili yako inavyopotea njia.

La tano, usioe kifaa kimoja. Kila baada ya miaka michache fungua kitu ambacho hujawahi kukifungua. Leo kuna inveta za sola, pikipiki za umeme, vifaa tiba, mizani za mashineni, pampu za kisima. Vijijini vifaa hivi vinazidi kuwa vingi, na fundi yuko mbali.

Kama unatafuta utajiri wa haraka, ziko biashara nyingine. Kama huwezi kukaa saa mbili mbele ya kitu kisichokujibu bila kukasirika, kazi hii itakuchosha. Lakini kama umewahi kufungua redio ya nyumbani ukiwa mtoto, ukapigwa, na bado ukaifungua tena, basi tayari umeshaanza.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu, binti wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kuona deki ikifanya kazi, alipokea inveta ya sola kutoka kwa mzee wa Mbagala. Nilikuwa nyuma ya pazia nikinywa chai, nikasikiliza bila kutokea. Mzee alikuwa anaeleza kwa haraka, anataka ibadilishwe bodi aondoke. Binti alimwacha amalize. Kisha akavuta kiti, akaiweka pasi pembeni, akasema, "Shikamoo mzee, karibu ukae. Niambie kwanza: ikiwaka, inazima baada ya muda gani?"